Kifuniko Kimoja cha Chumvi

Mkojo wako utakuwa mwekundu. Ninaanza na hilo kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia, au niliambiwa nikiwa na homa na sikusikia. Utakuwa na rangi ya soda ya machungwa. Machozi yatafuata rangi hiyohiyo, na jasho litaharibu shati lako jeupe kwapani. Si damu, ni vidonge. Usiukimbilie mtungi wa maji kama nilivyoukimbilia mimi, maana mtungi ule ndio ulioniingiza katika aibu ninayotaka kuisimulia hapa, na aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye jambo ninalojivunia kuliko hata kupona.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, fundi redio mjini Bariadi, mtaa mmoja huko Somanda. Bariadi ilikuwa bado wilaya tu ya Shinyanga. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilipokuwa darasa la tano nyumbani kwetu Nkoma niliifungua redio ya baba, na siku nne baadaye nikaifunga ikiwa inasema, nikapigwa na kusifiwa siku hiyohiyo. Biashara ilipoachiwa watu binafsi, redio za bei rahisi zikaja kwa wingi na kuharibika kwa wingi, kisha zikaja simu za mkononi, nami nikapata riziki. Lakini mimi ni mtu wa kujitesa. Nikimaliza kutengeneza redio ninaifungua tena nione kama skrubu zote zimekazwa sawasawa. Mteja huwa amekwisha kusimama mlangoni, ananiambia inatosha, mimi naendelea.

Kikohozi kilianza watu walipokuwa wakichoma mabua ya pamba, kwa hiyo nilikisingizia moshi. Wakati wa kupanda nilikuwa ninafunga suruali kwa kamba na kubadili shati mara mbili kabla ya saa nne asubuhi kwa sababu ya jasho. Nilinunua dawa za kikohozi dukani, chupa baada ya chupa, nikiandika katika daftari nimekunywa vijiko vingapi na nimekohoa mara ngapi. Nilidhani nikiandika vizuri nitauona ugonjwa unapojificha. Siku nilipotema makohozi yenye michirizi ya damu kwenye meza ya kazi, juu ya simu ya mtu, nilifunga kibanda nikaenda hospitali kwa miguu, nikipumzika kila penye kivuli.

Nawaambia, nyinyi mnaoanza dawa, kuhusu benchi la hospitali kwa sababu mtakaa sana pale. Wanaokohoa huwekwa upande wa wazi wa veranda, upepo upite. Unapewa kipande cha katoni chenye namba. Watu wa upande wa pili wanakutazama, na wewe unatazama miguu yako. Nilitoa makohozi siku mbili, nikangoja, nikaitwa, nikaambiwa ni kifua kikuu. Walinipima na kile kingine pia, ukimwi; sikuwa nacho. Majirani hawakuniuliza majibu, walijijibu wenyewe. Redio zilizokuwa kwangu zikaja kuchukuliwa na watoto waliotumwa wasikae.

Mama alikuja kutoka Nkoma na unga, kuku mmoja na kitenge kimoja cha kubadilisha. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wangu wa dawa. Kila asubuhi aliniangalia nikimeza, kisha akaniambia nifumbue kinywa na kuinua ulimi, kama anavyowakagua ng'ombe, alisema. Tulikuwa tunacheka. Baba hakuja. Alituma mahindi na salamu, na mama hakuzidisha neno juu ya hizo salamu.

Sababu yake ni hii, na ni lazima niiseme sasa. Msimu uliopita nilikwenda nyumbani kusaidia kuvuna, nikamkuta baba akinyunyizia marobota ya pamba maji ya chumvi ili yazidi uzito kwenye kituo cha kuuzia. Wengi walifanya hivyo. Zamani palikuwa na mnunuzi mmoja, chama cha ushirika. Sasa walikuwapo wengi binafsi, kila mmoja na mizani yake, na wakulima walisema mizani hiyo inakula kilo zao. Baba alisema anarudisha tu kilichokwisha kuliwa. Nikamwambia, mbele ya mama na mdogo wangu, kwamba ni wizi, na kwamba mtu anayechezea kipimo hana haki ya kulalamikia mizani ya mwenzake. Nilisema kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kukosea. Hakunisemesha tena.

Katika wiki ya pili ya dawa, Sista Zuhura aliniita kando. Alikuwa nesi wa kliniki yetu, mtu wa Kigoma, mnene, mwenye maneno makali na mikono laini. Alinikutanisha na daktari wa utafiti aliyekuwa akija kutoka Mwanza. Daktari alieleza kwamba makohozi huchelewa kusema nani anapona na nani ini lake linaumizwa na dawa. Wao walitaka kujua kama mkojo unaweza kusema mapema zaidi. Mwili, alisema, kila siku unatengeneza na kutupa vitu vidogo mno, maelfu, na mgonjwa hutupa tofauti na mzima. Kazi ya kuvisoma vyote kwa pamoja waliiita metabolomiki. Mkojo ungegandishwa hapa, usafirishwe Mwanza, kisha ng'ambo, kwenye mashine inayoitwa spektrometa.

Nilimuuliza inafanyaje kazi. Watu wengi hawakuuliza, nadhani, maana alivuta kiti akakaa. Alisema mashine inavitenganisha vitu vile, inavipa umeme, inavirusha, na kwa namna vinavyoruka inajua uzito wa kila kimoja. Niliuliza: ni kama redio inayokamata stesheni elfu kwa wakati mmoja, kila moja mahali pake? Akasema ndiyo, hajawahi kulisikia likielezwa hivyo. Nilitia sahihi fomu ya ridhaa nikiwa na kilo arobaini na nne, na nilitembea kurudi nyumbani kama mtu aliyeajiriwa. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili. Hapa palikuwa na jambo kubwa lililoualika mkojo wangu, na nilitaka kulimaliza bila doa.

Kanuni zilikuwa chache. Kila baada ya wiki mbili, mkojo wa kwanza wa asubuhi, kabla ya dawa na kabla ya kula. Kila siku, kuandika ulichokula na kunywa. Sista alidondosha tone la mkojo kwenye kioo cha bomba fupi, akalielekeza dirishani, akachungulia. Ndani mlikuwa na mstari. Mkojo mwepesi mno, wenye maji tupu, haukufika kwenye mstari, na haukupokelewa. Unaambiwa urudi kesho. Na katika fomu palikuwa na sentensi moja niliyoisoma mpaka karatasi ikalegea: mshiriki ambaye sampuli zake hazifai mara kwa mara anaweza kuondolewa.

Sampuli ya kwanza ilipita. Ya pili, wiki ya nne, ilikataliwa. Siku ya pili nikarudi, ikakataliwa tena. Sababu niliijua: nilikuwa ninakunywa maji mtungi mzima kila siku. Rangi ile nyekundu ilinitisha, na katika kitabu cha zamani cha afya nilichokinunua gulioni nilisoma kwamba maji huosha ini. Kwa hiyo nikawa nimeshikwa na hofu mbili. Nikipunguza maji, ini litakufa. Nisipopunguza, nitaondolewa. Ningeweza kumuuliza Sista. Sikumuuliza, kwa sababu kuuliza kungeonyesha kwamba sikujua, na mimi nilikuwa mshiriki aliyeuliza maswali ya maana.

Nilitafakari kile kioo kama ninavyotafakari kifaa chochote. Nikaelewa kwamba kinaonyesha tu wingi wa vitu vilivyoyeyuka, hakijui ni vitu gani. Asubuhi ya siku ya tatu nilichukua chumvi ya jikoni, nikapima kifuniko kimoja cha kalamu, nikaitia kwenye chupa, nikaitikisa. Sista akachungulia dirishani. Akaniambia, sasa hivi ndiyo mkojo wa mwanamume. Nilicheka pamoja naye.

Mnaona nilichofanya. Mimi niliyemwita baba mwizi. Niliona hata wakati ule, ila nilijiambia kwamba pamba ni ya kuuzwa na huu ni mkojo tu.

Nilirudia wiki ya sita na ya nane. Wiki ya sita, wakati wa palizi, mama alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Macho yangu yalikuwa ya njano. Mwili uliniwasha mpaka nikajikuna kwa gunzi la mahindi. Harufu ya mafuta ilinitapisha, hata yale ya nywele za mama. Dawa zilisimamishwa, na hizo ndizo siku mbaya kuliko zote, kwa sababu nilikuwa na ugonjwa mmoja unaohitaji dawa na mwingine unaozikataa, na hakuna cha kufanya ila kukaa kwenye benchi na kusubiri damu isomwe. Mama aliniosha miguu kwa maji ya uvuguvugu bila kuulizwa. Mzee mmoja wa Mwanhuzi, mfugaji, aliyekuwa akisubiri pale na mimi, alinitengea nafasi upande wa kivuli kila mara nilipofika, na hatukujuana majina. Mambo madogo kama hayo yatakutosha kwa siku nzima. Yahesabu.

Baada ya wiki mbili dawa zilirudishwa, moja baada ya nyingine, taratibu. Macho yakawa meupe. Mvua ya masika ilipokatika nilikuwa na kilo hamsini, suruali ilisimama bila kamba, na nilifungua tena kibanda. Nilikuwa nimeacha chumvi pia. Sista, kwa bahati tu, aliwaambia watu wote kliniki kwamba maji mengi mno jioni huharibu sampuli, na kwamba ini halioshwi kama sufuria. Alisema hivyo akicheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Pamba ilikuwa imepasuka mashambani nilipokwenda kuchukua dawa za mwezi wa tano. Nilikaa kwenye benchi karibu na mlango wa chumba cha Sista. Ndani alikuwamo yule daktari wa Mwanza. Hakuwa akigombana, alikuwa akizungumza kwa huzuni, na mlango wa ubao haufungi vizuri. Nilisikia kwamba mashine imeanza kusoma sampuli za Bariadi, na baadhi zimejaa chumvi kiasi kwamba hakuna kingine kinachoonekana. Wenzao wa ng'ambo walidhani chupa zilisafishwa kwa maji machafu hapa kliniki. Kwa kuwa hawakujua chumvi imeingiaje, hawakuweza kuziamini zilizobaki. Sanduku lote la Bariadi lingeachwa. Kazi ya kukusanya ingehamishiwa kwa mtu mwingine, wilaya nyingine.

Sista alisema maneno machache tu. Alisema chupa huja zimefungwa na yeye hazisafishi. Kisha akanyamaza, na mimi niliyezoea ulimi wake nilishangazwa zaidi na kunyamaza huko.

Nilipoitwa niliingia, nikapokea dawa, nikatia sahihi, nikatoka.  Naliandika hili kwa sababu nataka mjue ukweli wote: nilipita mbele ya mwanamke aliyekuwa anabeba kosa langu, nikamsalimia, nikaenda zangu.

Siku tatu sikuweza kushika bisibisi. Siku ya nne baba akafika. Alikuja mjini kuulizia bei za wanunuzi kabla msimu haujafunguliwa, alisema, ingawa bei zilitangazwa pia kwenye redio niliyomtengenezea mwenyewe. Aliketi kwenye kigoda cha wateja, akatazama mashavu yangu yaliyorudi, akatazama pembeni. Tulisalimiana kwa Kisukuma, salamu ndefu, ya watu wasiojua waanzie wapi. Mama aliweka ugali na mlenda katikati yetu, akatoka nje.

Nilimweleza yote. Sikupanga. Nilianza na mtungi, nikamaliza na Sista aliyenyamaza. Baba alisikiliza huku akikanda tonge moja mkononi bila kulila.

"Kwa hiyo," alisema hatimaye, "mimi nilitia kwenye pamba, wewe ukatia kwenye mkojo."

"Ndiyo, baba."

"Katika ukoo wetu mzima hakuna aliyewahi kuongeza mkojo thamani. Kweli wewe ni fundi."

Sikujua kama nicheke. Alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, na nilipoona machozi nilidhani ni ya kicheko tu. Alinawa mikono. Akasema kwamba siku ile niliyomwita mwizi alitaka kunipiga, na asichoweza kunisamehe ni kwamba nilisema kweli mbele ya mtoto. Kisha akauliza kama yule nesi ana watoto. Nikasema ana watatu.

"Vaa viatu," alisema. "Twende."

Nilichukua daftari langu. Daktari alikuwa bado yupo, akikagua friza na kumbukumbu zake. Sista alikuwa mezani kwake, hajavaa kofia. Baba alisalimia, akasimama ukutani, akaivua kofia yake akaishika tumboni kama mtu aliyeko kanisani. Mimi nilisema kwa haraka, kwa sababu ningesema taratibu ningeacha katikati. Nilisema chumvi ni yangu. Nilisema chupa zilikuwa safi.

Daktari aliuliza nilitia mara ngapi, kiasi gani. Nilifungua daftari nikampa. Wiki ya nne, kifuniko kimoja. Wiki ya sita, kifuniko na nusu. Wiki ya nane, kifuniko kimoja. Siku, saa, na namba ya chupa.

"Umeandika mpaka udanganyifu?" aliuliza.

"Mliniambia niandike kila kitu kilichoingia."

 Aliuliza kama najua chumvi ilifanya nini kwenye mashine. Nikasema nadhani ni kama mtu kuwasha mashine ya kusaga jirani na redio: stesheni zipo, ila hazisikiki. Akakaa chini, akafunika uso kwa mikono miwili, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kicheko au ya uchovu. Kisha alinieleza jambo ambalo sijaliacha hadi leo. Wiki ya sita na ya nane ndizo wiki ambazo ini langu lilikuwa linaumia. Katika wagonjwa wote wa kliniki yetu, ni mimi peke yangu niliyepata njano. Kile walichokuwa wakikitafuta kilikuwa ndani ya chupa zile mbili, na mimi nilikizamisha. Hakukuwa na namna ya kuzikojoa upya wiki hizo.

 Sista aliinuka, akazunguka meza, akasimama mbele yangu. Nilingoja kofi, na ningelipokea.

"Fundi," alisema, "ungeniuliza swali moja tu. Moja."

Hilo lilikuwa zito kuliko kofi. Baba akakohoa kidogo ukutani, akasema kwamba kijana amekosa, na kosa hilo lina mwalimu, na mwalimu mwenyewe ndiye yeye aliyesimama pale. Aliomba radhi kwa Sista kwa Kiswahili chake cha shambani, kwa ukamilifu, kama mtu anavyomuomba radhi mkwe. Sijawahi kumwona baba akimuomba radhi mtu yeyote, na nilijivunia kuwa mwanawe.

Daftari lilinakiliwa na kutumwa. Jibu lilichukua majuma kadhaa. Lilikuja pamba ikiwa imelundikwa vituoni na magari ya wanunuzi yakifukuzana barabarani. Wale wa ng'ambo waliondoa chupa tatu, namba zilezile nilizozitaja, wakapima nyingine zote upya. Hakuna hata moja iliyokutwa na chumvi. Sanduku la Bariadi likabaki kwenye utafiti. Sista Zuhura akabaki na kazi. Namba yangu ya mshiriki haikufutwa. Iliandikwa pembeni kwamba ina wiki tatu zisizosomeka, na sababu yake. Baba aliniambia kwa simu ya jirani kwamba msimu huo marobota yake yalipelekwa makavu. Aliongeza kwamba mizani bado inakula. Nilimuuliza habari za mvua.

Nilimaliza dawa mwezi mmoja nyuma ya ratiba, kwa sababu ya zile siku za ini. Siku ya mwisho nilipeleka sampuli ya mwisho. Nilikuwa na kilo hamsini na sita. Benchi lilijaa watu wapya, wakitazama miguu yao, na niliketi upande wa wazi pamoja nao ingawa sikuwa nikikohoa tena. Ilipofika zamu yangu Sista alidondosha tone kwenye kioo, akaenda dirishani, akachungulia kwa jicho moja. Kisha alinipa kile kioo nichungulie mwenyewe. Kivuli kilisimama chini ya mstari. Kulikuwa na joto siku iliyotangulia, nilikuwa nimekunywa maji, basi.

Alichukua kalamu akaandika kwenye fomu kwamba haifai, nirudi kesho. Nikatia sahihi yangu mbele ya neno hilo, vizuri, bila kuharakisha. Mama alikuwa ananingoja nje, akaniuliza imekuwaje. Nikamwambia imekataliwa. Nadhani nilisema kwa sauti kubwa, maana wote kwenye benchi waliinua vichwa wakanitazama, wakimshangaa mtu aliyekataliwa na anatabasamu.